Chumba na Swali: Dhuluma Jukwaani katika Michezo ya Kuigiza ya Afrika ya Mashariki

Mwandishi wa hadithi akitaka kumtoa mtu wake gerezani humtoa kwa sentensi moja. Mtungaji wa mchezo wa kuigiza hana uwezo huo. Mchezaji akishawekwa jukwaani yumo mle mle mpaka apewe sababu ya kutoka, na mtazamaji aliyelipa kiingilio yumo pamoja naye. Jambo hili ni la kawaida mno hata aghalabu halisemwi, na katika madarasa mengi ambamo michezo ya Kiswahili husomeshwa halisemwi kabisa. Mwanafunzi huulizwa dhamira, huulizwa ujumbe, huulizwa msimamo wa mwandishi. Kisha, akimaliza hayo, huandika nusu ukurasa juu ya mandhari, na humo hutaja kwamba mchezo unatokea gerezani au sebuleni, basi. Hasara yake si ndogo. Kwa usomaji wa namna hiyo, mchezo unaopiga kelele juu ya dhuluma na mchezo unaomfanya mtazamaji aionje dhuluma kooni mwake huhesabiwa kuwa sawasawa, maana ujumbe wao ni mmoja.

Ukuta peke yake haumdhulumu mtu. Ushahidi wa neno hili umo katika utenzi wa Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Liyongo amefungwa kwa amri ya Sultani wa Pate, siku zake zahesabiwa, na chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada huliwa na walinzi. Hata hivyo msomaji habanwi, hucheka. Hucheka kwa sababu Liyongo amemwagiza Saada, kwa maneno ya fumbo yanayopita masikioni mwa walinzi bila ya kutua, kwamba mama yake apike mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Tena walinzi wale, kwa ulafi wao, wataudharau mkate wa wishwa na kumwachia mwenyewe. Usiku wa gungu pingu zinakatwa huku sauti ya tupa ikimezwa na ngoma. Kuta zipo, minyororo ipo, kifo kimepangwa. Lakini neno la mfungwa linatoka nje na kufika linakokwenda, na gereza ambalo neno hulipenya limekwisha kuwa na ufa.

Michezo ya jukwaani ya zama hizi imeligeuza jambo hilo juu chini. Ndani yake neno hutoka kinywani, hupiga ukuta, na kumrudia msemaji. Mfano ujulikanao sana duniani ni ule wa Jean-Paul Sartre, *Huis clos*, ulioonyeshwa Paris mwaka wa 1944, mji ukali chini ya majeshi ya Ujerumani: watu watatu wamo chumbani baada ya kufa kwao, na wakati mmoja mlango unafunguka wenyewe, wala hapana mmoja wao anayetoka. Kila mmoja amefungwa na haja ya kusikia mwenziwe atasema nini juu yake. Kinachowafunga watatu hao ni swali lisilojibiwa, na pindi mlango unapofunguka mtazamaji huona waziwazi kwamba kitasa hakikuwa na kazi tangu mwanzo.

Swali ndilo la kuangaliwa. Katika kila mchezo wenye dhuluma ya kweli yafaa kuhesabu: nani anauliza, na nani hana budi kujibu? Katika Kiswahili hesabu hii ina uzito kuliko katika lugha nyingine kadha wa kadha, kwa kuwa adabu ya lugha yenyewe imekwisha kugawa vyeo kabla mchezo haujaanza. Mdogo huamkia kwanza na mkubwa huitikia. Binti akiitwa na mama yake, jibu lake la "abee" limekwisha kutayarishwa zamani, kabla ya kujua anaitiwa nini. Mtoto hawezi kuondoka mbele ya wazee ila kwa kuaga, na hawezi kuaga hali ameulizwa swali. Mtungaji wa Kizungu aliyetaka kumfungia msichana sebuleni ilimbidi atafute ufunguo. Mtungaji wa Kiswahili anao tayari katika maamkizi. Hodi nayo ni kipimo kizuri. Nyumba ya pwani hufunguliwa kwa neno kabla ya kufunguliwa kwa mkono, na kwa hiyo mtu aingiaye jukwaani bila hodi amekwisha kueleza cheo chake na nia yake, hata kama hajanena.

Ebrahim Hussein alilijua jambo hili mapema. Katika *Wakati Ukuta*, mchezo wake wa awali, Tatu anataka kwenda sinema na kijana wake Swai, na mama yake hataki. Hilo tu. Hapana askari, hapana mkoloni, hapana mnyororo. Mahali ni nyumba ya kawaida ya watu wa Dar es Salaam, na wasomaji wengi wameuchukua mchezo huu kuwa habari ya mgongano wa ya kale na ya kisasa, wakaridhika. Lakini anayeusoma kwa sauti atasikia kitu kingine: kwamba mama na binti hawazungumzi juu ya jambo moja. Mama anauliza maswali ambayo jibu lake ni kukiri kosa, na Tatu anajibu kwa maelezo. Na kadiri anavyoeleza ndivyo anavyozidi kukosa adabu, kwa sababu kumweleza mzazi ni kumbishia. Chumba kinapungua upana kwa kila sentensi. Tena mama hakutungwa kuwa jabari. Naye amefungwa na yale aliyofunzwa, na woga wake kwa bintiye ni wa kweli. Hussein aliuweka ukuta katika jina la mchezo wenyewe, akiuchukua kutoka methali inayomwonya mtu asipigane na wakati. Na methali, nani asiyejua, ni maneno ambayo mdogo hawezi kumjibu mkubwa. Tatu anatoka katika nyumba ya mama, anaolewa na Swai, na ndoa haiwi njema. Ametoka chumba kimoja akaingia kingine.

Miaka michache baadaye Hussein alitoa *Mashetani*, mwaka wa 1971, na hapa ufundi umefika mbali zaidi. Mchezo unaanza chini ya mbuyu, mahali pa wazi kabisa, na vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wao wenyewe, mmoja shetani na mmoja binadamu. Ni rafiki, ni wanafunzi, ni rika moja; hakuna mkubwa wa kuuliza wala mdogo wa kujibu. Kwa kipimo kilichotajwa hapo juu, hapa pangekuwa mahali pa uhuru. Mbona basi mtazamaji anaanza kukosa pumzi mapema hivyo? Sababu ni kwamba mchezo wao una sheria, na kila mmoja amepewa sehemu yake, na sehemu hizo zina historia nyuma yake ambayo hakuna aliye tayari kuitaja. Juma ametoka katika ukoo uliokuwa na mali na cheo kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964; Kitaru ni mtoto wa watu waliopanda baada ya uhuru. Wanapendana, na hawana lugha moja ya kusemea lililo baina yao. Kwa hiyo husema kwa vinyago, na kinyago kikishavaliwa hakivuki kwa urahisi.

Baada ya mbuyu, mchezo unaingia vyumbani. Kitaru anaugua ugonjwa usio wa mwili, wazazi wake wanahangaika, daktari anaitwa. Na daktari kazi yake ni nini? Kuuliza. Anauliza kwa upole na kwa elimu, na wazazi nao wanauliza kwa mapenzi. Lakini Kitaru hana jibu linaloweza kusemwa ndani ya nyumba ile, kwa sababu nyumba ile yenyewe, pamoja na mali iliyomo, ni sehemu ya jibu. Huu ni upeo wa ufundi wa Hussein: dhuluma inayofanywa na watu wema wenye nia njema, kwa maswali ya huruma. Upande wa pili wa mji yumo bibi yake Juma, amekaa na kumbukumbu za ukwasi uliokwisha potea, na mazungumzo yake hayana swali hata moja la leo. Juma husikiliza. Kumsikiliza mzee ni heshima, na kwa heshima hiyo chuki ya jana inamwingia mtu wa leo tone kwa tone. Kitaru amefungwa na maswali, Juma na masimulizi, na wanapokutana tena hakuna kati yao aliye huru kumsikia mwenzake.

Wako waliolalamika kwamba *Mashetani* ni mgumu na kwamba watu wa kawaida hawaufahamu. Malalamiko hayo yana haki kidogo. Mafumbo ya mchezo huu mengine ni mazito kuliko haja. Walakini ugumu mkubwa unaosemwa ni ule wa mtu aliyeketi katika chumba ambamo watu wawili wanasemezana na jambo lenyewe halitajwi, na huo si kosa la mtungaji. Kila aliyewahi kula chakula na jamaa waliokosana anaufahamu vizuri.

Tofauti huonekana mtu akirudi nyuma kwenye *Kinjeketile* wa mwaka wa 1969. Mchezo ule kwa sehemu kubwa ni wa mahali pa wazi, wa mto Rufiji na makundi ya watu, kama inavyopasa habari za Vita vya Maji Maji. Kinjeketile Ngwale mwenyewe alinyongwa na Wajerumani Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Lakini Hussein aliumalizia kifungoni. Mfungwa anaombwa sentensi moja: aseme kwamba yale maji yalikuwa uwongo. Akiisema atapona, na haisemi, kwa kuwa anaona neno lake litakavyochukuliwa na wale wajao. Hapa chumba kina mlango, na mlango ni maneno machache. Mtazamaji aliyekuwa na nafasi ya kupumua mchezo mzima anabanwa ghafula mwishoni, na mbano huo una nguvu kwa sababu ulichelewa.

Sentensi inayouzwa kwa bei ya uhai imo pia katika mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, uliotolewa kwa Kiingereza mwaka wa 1976 na kwa Kiswahili, kwa jina la *Mzalendo Kimathi*, mwaka wa 1978. Kimathi yumo katika seli, na wageni wanamjia mmoja baada ya mwingine, Henderson, watu wa mabenki, wanasiasa, watu wa dini, kila mmoja na ushawishi wake. Mpango huo ni mzuri sana. Ni kama soko lililofunguliwa ndani ya gereza. Hata hivyo lazima isemwe kwamba Kimathi wa mchezo huu anajibu mno. Hotuba zake ni ndefu na za kishujaa, na kila anaponena paa la seli hufunguka na mtazamaji huona msitu, jeshi na historia. Kama shabaha ilikuwa kumtia mtu moyo, shabaha imepatikana. Kama ilikuwa kumwonjesha kifungo, hotuba imekivunja kabla ya wakati. Watungaji bila shaka walichagua la kwanza kwa makusudi, nao walikuwa na sababu: walitaka kumrudishia Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, sauti ambayo mahakama ya kikoloni haikumpa.

Yaliyofuata Kenya yana fundisho ambalo wahakiki wa jukwaa wameliacha bila kulichunguza vya kutosha. Mchezo wa Kimathi ulionyeshwa Oktoba 1976 katika Jumba la Michezo la Taifa, Nairobi, ukumbi uliofungwa, na watungaji wakabaki huru. Mwaka uliofuata Ngũgĩ, akishirikiana na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, alionyesha mchezo wa Kigikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, katika uwanja usio na paa uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Ruhusa ya kuuonyesha ikaondolewa baada ya majuma machache, na tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ alikamatwa akawekwa kizuizini Kamiti bila ya kushtakiwa. Alamin Mazrui naye alitiwa kizuizini mwaka wa 1982, mwaka mmoja baada ya kutoka kwa *Kilio cha Haki*, mchezo wake juu ya wafanyakazi wa shamba la mlowezi na kiongozi wao mwanamke, Lanina. Jukwaa la wazi lilimtia mtungaji katika chumba kidogo kuliko vyote. Na huku Tanzania, ambako hakuna mtungaji aliyefungwa kwa mchezo wa namna hiyo, *Kaptula la Marx* la Euphrase Kezilahabi, lililoandikwa katika miaka ya 1970, lilizunguka kwa miswada mpaka likachapishwa mwaka wa 1999. Mchezo nao waweza kufungiwa sandukuni.

Kwa habari ya chumba kimoja hasa, hapana mchezo wa Afrika ya Mashariki uliokitumia vizuri kuliko *The Burdens* wa John Ruganda wa Uganda, wa mwaka wa 1972, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanafunzi wa Kiswahili husoma habari zake kwa nadra kwa kuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Wamala alikuwa waziri. Ameanguka, amefungwa, ametoka, na sasa anakaa na mkewe Tinka na watoto wawili katika kibanda cha mtaa wa maskini. Tinka anasuka mikeka na kuuza pombe ya magendo. Mtoto mwanamume, Kaija, hana kitanda. Kitanda hicho kisichokuwepo ndicho kinachokijaza chumba. Hakuna mtu anayeweza kupita bila kukigonga, ijapokuwa hakipo. Mume na mke, kwa kukosa pa kwenda, wanaigizana: mmoja anajifanya mfanya biashara, mwingine mkubwa wa kuombwa, na mzaha huo unafukua kila neno ambalo wangalilificha. Kama Juma na Kitaru, wanavaa kinyago ili waseme ukweli, na ukweli hauwaachi salama. Tinka anamwua Wamala. Mtazamaji hatafuti sababu mbali. Ameona kwamba maneno yote yamekwisha kusemwa na chumba hakikuongezeka.

Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona wa Afrika ya Kusini walifika mahali pale pale kwa njia ya kinyume. Katika *The Island* wa mwaka wa 1973 wafungwa wawili wa kisiwa, John na Winston, wanavumilia seli kwa mizaha na kwa kujifunza kuigiza habari za Antigone. Wanaweza kuvumilia, maana kifungo chao ni sawa. Kisha John anapata habari kwamba atafunguliwa baada ya miezi mitatu. Na tangu hapo seli ile ile, yenye upana ule ule, inakuwa haivumiliki kwa Winston. Hapana ukuta uliosogea. Furaha ya mmoja imechukua hewa ya mwingine.

Said Ahmed Mohamed katika *Amezidi*, wa mwaka wa 1995, aliwaweka Ame na Zidi pangoni, wakiishi kwa ndoto za shibe na kwa misaada, na maneno yao yanazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Mchezo unachekesha, na kicheko chake hukauka. Lakini pango lile linajieleza sana kuwa ni mfano wa nchi, na mfano ukijieleza haubani. Kithaka wa Mberĩa katika *Kifo Kisimani*, wa mwaka wa 2001, ana gereza lenye mateso ya wazi, na Mwelusi anateswa humo. Lakini kinachomkaa msomaji ni kwamba Mwelusi hafi gerezani. Anauawa na ndugu yake Gege, kisimani, mahali pa wazi ambapo watu wote huja kuteka maji. Kuchagua kisima kulikuwa ni kuchagua kwa akili. Mtawala ambaye mkono wake unafika kisimani amekwisha kuifanya nchi yote kuwa chumba kimoja, na tena hana haja ya kuuliza swali.

Yapo maoni kwamba mambo haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa watu wa Dar es Salaam siku hizi hawaendi kutazama jukwaa. Hutazama televisheni na filamu. Maoni haya yanastahili kujibiwa, na jibu laweza kutafutwa Mikocheni, mtaa uliopewa jina na mikoche iliyokuwa ikiota huko, ambako siku hizi kuna makao ya ITV, kituo kilichoanza mwaka wa 1994 na kilichowazoesha watu michezo ya kundi la Kaole. Chumba cha michezo hiyo na cha filamu zilizoifuata kinajulikana: sebule yenye makochi makubwa, pazia zito, meza ya kioo, nje yake ukuta mrefu na geti. Ingedhaniwa kwamba sebule kama hiyo ni seli kamili. Mbona haibani? Kwa sababu kamera hutoka. Mume na mke wakifika kwenye neno ambalo hawawezi kurudi nyuma, picha hukatwa, na tazama, wamo ndani ya gari, au wako ufukweni, au anaonyeshwa mtu mwingine kabisa. Mtazamaji huokolewa kila dakika mbili. Ugomvi unakuwa mwingi na dhuluma inakuwa kidogo. Hili si kosa la vyombo vyenyewe, maana wako watengenezaji wa filamu duniani waliokataa kuitoa kamera chumbani wakafanya kazi ya ajabu. Ni tabia tu, na tabia yaweza kuachwa.

Tena katika sebule ile yumo mtu mmoja ambaye kamera humpita kila siku. Huingia na sinia, huamkia, huweka glasi mezani, husema karibuni, hutoka. Ni msichana wa kazi, aliyeletwa mjini kutoka kwao akiwa mdogo, halali kabla wenye nyumba hawajalala, na ufunguo wa geti hana. Huulizwa maswali kutwa nzima: chumvi imekwendaje, simu ililia saa ngapi, nani alikuja. Jibu lake huwa ni "abee, mama" na sentensi moja fupi. Yeye mwenyewe hana mtu wa kumwuliza. Kila kitu alichokitumia Hussein kwa Tatu na kwa Kitaru kimo mkononi mwa msichana huyu pamoja na lile sinia, na jukwaa la chuo chochote lina uwezo wa kumpokea: chumba kimoja, mlango wa jikoni, mlango wa mbele, na sauti inayomwita kutoka ndani. Mtungaji atakayemwacha abaki sebuleni baada ya kuweka glasi, wageni wakamtazama na yeye asiondoke, atakuwa na mchezo kabla ya mtu yeyote kunena neno.